Mwalimu Aliyesahihisha kwa Masikio

Jumamosi iliyopita tulimzika huko Rwamishenye, pembeni mwa mji wa Bukoba, mwanamke mmoja aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kufundisha walimu. Wasomaji wengi wa safu hii hawamjui, na jina lake sitaliandika, kwa sababu mwenyewe alikuwa akinuna kila alipoliona limechapwa mahali. Alikwisha kustaafu uhadhiri siku nyingi, akarudi kwao na kuishi na mdogo wake katika nyumba yenye migomba nyuma na duka la jirani mbele. Presha ilimsumbua muda mrefu, na safari hii haikumwachia. Sikuwa rafiki yake wa kuingia mpaka jikoni. Tulifahamiana kazini, katika vipindi viwili ambavyo hakuna mtu angevichagua: cha kwanza vita, cha pili ugonjwa. Lakini pale kaburini nilipowatazama walimu waliofurika, wengine wametoka Muleba na Biharamulo, wengine wamevuka ziwa kutoka Mwanza, nilitambua kwamba yapo mambo niliyoyaona kwa macho yangu ambayo wengi wao wameyasikia nusunusu tu. Nimeona niyaseme yote.

Vita vya Kagera vilitukuta sote wawili ni wakufunzi vijana katika chuo kimoja cha ualimu Bukoba. Mizinga iliposikika kutoka upande wa mpakani, na watu wakaanza kuelekea kusini na magodoro kichwani, chuo kilifungwa na wanafunzi wakaambiwa warudi makwao. Kumbe wapo ambao kwao kulikuwa ng'ambo ya mto Kagera, na ng'ambo ya mto ndiko adui alikokuwa. Hao hawakuwa na pa kurudi. Tukajikuta nao Muleba, ambako usharika wa Kilutheri ulitupa ukumbi wake kando ya barabara kuu. Kila kitu cha kufundishia kilikuwa kimebaki nyuma: mashine ya kudurufu, stensili, wino, rimu za karatasi. Kilichookoka ni maelezo yake ya somo la saikolojia ya mtoto, nakala moja tu, aliyoifunga ndani ya kanga pamoja na nguo zake.

Nilipendekeza tungoje. Akaniuliza tungoje nini.

"Karatasi," nilisema. "Hatuwezi kufundisha saikolojia hewani."

"Ndugu yangu," akasema, "hawa watoto wa watu wamepoteza nyumba. Na sisi tuwaambie wamepoteza na mwaka wa masomo?"

Akaomba uji mzito wa muhogo kwa mama mmoja wa usharika, akaubandikia kurasa zake ukutani, moja baada ya nyingine, kuuzunguka ukumbi wote. Utaratibu wake ulikuwa huu: mwanafunzi anasimama mbele ya ukurasa, anausoma mpaka auelewe, kisha anaupa mgongo na kumweleza mwenzake. Mwenzake anamhoji mpaka aridhike. Palipo na ubishi wanarudi ukutani pamoja. Yeye mwenyewe alipita katikati yao akisikiliza, mikono nyuma, kama mtu anayekagua migomba. Namkumbuka kijana mmoja aliyemkimbilia na kumwuliza kwa wasiwasi, "Mwalimu, notisi zetu tutazipata lini?" Alimwambia, "Nieleze mtoto mdogo anajifunzaje kuhesabu." Kijana akaanza kueleza kwa kusitasita. Malori ya jeshi yalikuwa yakipita kuelekea kaskazini na vioo vya madirisha vikitetemeka, ikambidi apaze sauti, na kadiri alivyoipaza ndivyo alivyozidi kupata uhakika. Alipomaliza, mwalimu wake alimwambia, "Hizo ndizo notisi. Usizipoteze."

Palikuwa pia na msichana ambaye Bukoba alisifika kwa kujaza kurasa kwa mwandiko wa kupendeza. Pale ukumbini, alipogeuka na kuupa ukuta mgongo, hakupata neno hata moja. Alilia. Siku ya pili akalia tena. Hakuna aliyemcheka, kwa kuwa kila mmoja pale alikuwa na chake cha kulilia. Majuma yakapita, na kabla majeshi yetu hayajavuka mpaka, msichana yule alikuwa akisimama mbele ya wenzake na kuwafundisha kipindi kizima bila kutazama popote ila machoni mwao. Yule mkufunzi mwenzangu alinivuta pembeni, na sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyeona jambo la kutisha. "Nilikuwa nampa alama za juu kila muhula," alisema. "Kumbe nilikuwa nasahihisha mwandiko."

Vita vikaisha. Miaka ikapita, naye nikamkuta tena chuo kikuu, Dar es Salaam, sote tukiwa wahadhiri katika kitivo kimoja. Karatasi zilikuwapo sasa, ingawa mara nyingi zilikuwa za kugombania, na baadaye ikaja mashine ya fotokopi, tukailimbikizia kazi kana kwamba elimu yenyewe ilikuwa ikitoka ndani ya tumbo lake. Yeye aliitumia kwa nadra sana. Muhtasari wa somo aliubandika ubaoni, nakala moja, na mwenye kuuhitaji aliunakili kwa mkono. Makala ya kusoma aliiweka maktaba, wanafunzi wakaisoma kwa zamu na kukutana kuijadili. Insha hazikuletwa na mtu mmoja mmoja. Kikundi kiliandika moja, lakini kila mwanakikundi aliitwa ofisini kuitetea yote, hata ile sehemu ambayo hakuiandika yeye. Rasimu hakuipokea kabisa. Mwanafunzi aliingia na kuisema kwanza, wakaivunja na kuijenga upya pale pale kwa maneno, na alichokwenda kukipiga chapa kilikuwa tayari kimenyooka. Karatasi za mitihani ya zamani alizigeuza upande wa nyuma na kuziandikia ratiba.

Walimtania. Mmoja alisema huyu mama wa Kihaya bado yuko vitani, hajaambiwa kwamba tulishinda. Maneno yalimfikia. Akamjibu mtaniaji chumbani kwa walimu, mbele yetu sote, bila hasira, "Najua vimekwisha. Ila niliyoyaona kule siwezi kujifanya sikuyaona." Nilidhani wakati ule kwamba alikuwa akisema juu ya mabomu.

Wakati huo ugonjwa ulikuwa umekwisha kuzama kwetu nyumbani. Msomaji kijana hawezi kujua Kagera ya miaka ile ilikuwaje. Mwanzoni watu waliupa ugonjwa jina la shati la kisasa lililoingia na wafanyabiashara wa magendo, kwa vile waliougua kwanza ndio waliolivaa, na jina lile lilikuwa na kejeli ndani yake. Baadaye kejeli ikaisha. Palikuwa na vijiji ambavyo huwezi kupita Jumamosi bila kusikia nyundo ikigonga jeneza. Dawa hazikuwapo. Sisi wa Dar tuliyapata haya kwa simu za upepo na kwa kuona nafasi za wanafunzi wa Bukoba na Muleba zikibaki tupu darasani.

Mmoja wa wanafunzi hao alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Buganguzi, aliyekuja kusoma shahada ya uzamili akiwa na mke na watoto nyumbani. Alikuwa akitafiti jinsi watoto waliofiwa na wazazi wanavyoendelea na shule wakilelewa na bibi zao. Marehemu tunayemkumbuka leo ndiye aliyekuwa msimamizi wake. Kijana alikwisha kukusanya karibu habari zake zote, ndipo akaanza kukonda. Akarudi kwao. Habari iliyofuata ikasema macho yake yamefifia, hawezi tena kusoma wala kuandika. Kanuni za chuo zilikuwa wazi: tasnifu ipigwe chapa, itolewe nakala kadhaa, ijaladiwe, mtahiniwa aje kuitetea mbele ya jopo. Na muda wake wa masomo ulikuwa ukingoni.

Nilikuwapo msimamizi wake alipoingia kwa Mkuu wa Kitivo. Hakukaa. Alisema tu kwamba ikiwa mtahiniwa hawezi kuja kwa watahini, basi watahini waende kwa mtahiniwa.

"Na tasnifu?" Mkuu akauliza.

"Anayo."

"Imepigwa chapa?"

"Anayo kichwani, Mkuu. Amenitumia salamu kwamba iko tayari."

Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alivua miwani akaifuta. "Mama," akasema, "wahenga walituambia mali bila daftari hupotea bila habari."

"Hiyo ni mali, Mkuu. Mimi nafundisha watu."

Mkuu akairudisha miwani usoni, kisha akasema anaweza kuruhusu mtihani, kupitishwa kwake kutakuwa shauri la bodi, na lazima awepo mtahini wa pili asiyekuwa na upande. Akanitazama mimi.

Tulisafiri kwa treni hadi Mwanza, tukavuka kwa meli hadi Bukoba, kisha tukapanda basi la Muleba, na kutoka hapo gari la misheni likatupeleka Buganguzi. Mimi, niseme kweli, nilikuwa nimekwisha kupanga maneno ya huruma ya kumwambia mgonjwa, na nilikuwa na hakika kwamba tunakwenda kumuaga mtu kwa heshima na kuiita heshima hiyo mtihani. Tulipofika, mkewe alitupokea kwenye njia iliyopita katikati ya migomba. "Karibuni, waitu," alisema, kwa neno la heshima la Kihaya. "Tangu asubuhi hakubali kuegemea. Anasema suti itakunjamana."

Tulimkuta uani amekaa kitini, amevaa suti iliyokuwa imebaki pana kumzunguka, uso umeelekezwa upande tuliotokea kwa sauti za nyayo zetu. Chini palitandikwa majani mabichi, kama desturi ya nyumba za kwetu panapokuja wageni. Mama yake mzazi alileta kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, akatukaribisha kwa mikono miwili. Nyuma walikuwa wamekaa majirani, wanawake kwa wanaume, na mwinjilisti wa mtaa. Nilimnong'oneza mwenzangu kwamba kanuni haziruhusu watu wengine kusikiliza mtihani. Akaninong'oneza, "Kanuni haziruhusu na uani." Basi tukaanza.

Msomaji wangu, nimekaa katika majopo mengi kabla na baada ya siku ile. Sijawahi kusikia kitu kama kile. Alianza sura ya kwanza na kuisema yote, kwa mpangilio, kwa sentensi zilizokamilika, akitaja aliyemhoji nani, wapi, na kwa nini alimwamini au hakumwamini. Alipochoka, alinyanyua mkono, mkewe akampa maji, sisi tukangoja. Kisha akaendelea pale pale alipoishia. Mkewe alikuwa amemsomea maelezo yake ya utafiti kila siku kwa miezi, naye akazipanga sura kichwani huku amelala. Jua lilihama kutoka upande mmoja wa ua hadi mwingine. Hakuna jirani aliyeondoka.

Alieleza habari ya bibi mmoja asiyejua kusoma, ambaye kila jioni alimweka mjukuu wake kando yake wakati wa kumenya ndizi, amsomee kwa sauti. Sauti ya mtoto ilipoyumba, bibi alisema, "Rudia." Hakujua maneno yale, alijua sauti ya mtu asiyeelewa anachokisema. Na mtahiniwa wetu akasema kwamba katika nyumba alizotembelea, watoto waliokuwa na mtu wa kuwasikiliza ndio waliobaki shuleni, hata pale ambapo madaftari hayakuwapo.

Nikaona lazima nifanye kazi iliyonileta. Nikamwuliza, "Utajuaje kwamba si huruma yako tu inayosema? Hawa ni watoto wa ndugu zako."

Alitabasamu. "Niliogopa hilo, Mwalimu. Ndiyo maana nilikwenda na kwenye nyumba ambako bibi ni mkali na simpendi. Nako mtoto alisikilizwa, nako alibaki shuleni."

"Na wale wanaolelewa na wajomba visiwani, kwa wavuvi?"

Akanyanyua mkono, mkewe akampa maji. Nilifikiri amechoka. Kisha akasema, "Hao siwajui. Nilipanga kwenda, nikaugua. Katika kazi yangu ni pengo, na mtu asilifunike."

Nilimtazama msimamizi wake. Alikuwa akilia bila sauti, na uso wake haukuwa na huzuni. Ulikuwa na kitu ambacho hadi leo nakitafutia jina. Labda ni kile kinachokuwapo kwenye uso wa mtu anayetazama ziwa kwa mara ya kwanza.

Tulitoka kwenda kushauriana nyuma ya nyumba, kwenye mibuni. Nilikuwa na karatasi moja tu, fomu ya matokeo. Nikamwambia, "Amepita, hilo halina mjadala. Lakini bodi wataniuliza, maandishi yako wapi? Sina cha kuambatisha."

"Utaambatisha neno lako," alisema. "Uliyasikia au hukuyasikia?"

Tukarudi uani, na yeye akamwambia kijana kwamba sisi wawili tumeridhika, na tutakwenda kusema hivyo mbele ya bodi. Kijana aliinamisha kichwa. Mama yake, ambaye sidhani kama alifuata Kiswahili chetu chote cha kitaaluma, alipiga vigelegele, majirani wakapokea, na kwa muda mfupi nyumba ile iliyozoea vilio ilisikika kama nyumba ya harusi. Tulikula ndizi na samaki. Mtahiniwa alikula kidogo, akaomba sasa avuliwe koti.

Bodi ya kitivo ilibishana sana. Nilisimama nikasema niliyoyasikia, kwa kadiri nilivyoweza. Walikubali kwa sharti moja: apatikane angalau nakala moja ya tasnifu, ya kubaki maktaba. Nakala moja badala ya zile kadhaa. Buganguzi wakapelekewa salamu, na kijana akaanza kumwandikisha mkewe, yaani yeye anasema, mke anaandika. Mkewe alikuwa ameishia darasa la saba. Waliandika sura ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sura ya mwisho ilikuwa bado haijaanzwa alipofariki.

Na hapa ndipo pananishangaza kuliko pote. Sura ile iliandikwa. Baada ya matanga mjane aliwakusanya waliokuwa uani siku ile: mama mkwe, majirani, mwinjilisti. Akawauliza, alisema nini mwishoni? Mmoja akakumbuka alivyoanza. Mwingine akakumbuka habari ya bibi mkali. Walipotofautiana walibishana, wakarudia, mpaka wakakubaliana, naye akaandika. Pengo la visiwani walilitaja vile vile kama mwenyewe alivyolitaja, bila kulifunika. Nakala ilipofika Dar es Salaam niliilinganisha na kumbukumbu zangu, nikakuta wao wamekumbuka mambo mawili matatu ambayo mimi mtahini niliyasahau. Shahada ilitolewa. Mjane ndiye aliyekuja kuipokea, na msimamizi alisimama naye jukwaani amemshika mkono.

Nimejiuliza mara nyingi ingekuwaje kama kazi ile ingefuata kanuni. Ingechapwa, ingejaladiwa, watu watano wangeisoma katika chumba chenye feni, na Buganguzi wasingejua hata inahusu nini. Kwa jinsi ilivyotokea, walioisikia waliitumia. Nilipopita kule miaka michache baadaye, mwinjilisti alinionyesha wazee wamekaa ukumbini mwa kanisa baada ya ibada, kila mmoja na mtoto au wawili, watoto wakisoma kwa sauti. Hakuna mradi uliowatuma. "Ni ile tasnifu," aliniambia, na neno hilo lilitoka kinywani mwake kwa urahisi kama jina la jirani.

Siku hizi vyuo vyetu vinahimizana kupunguza kuchapa. Nasikia hoja za miti na hoja za gharama, nazo ni za kweli. Wahadhiri vijana wanatuma kazi kwa simu na kwa kompyuta, na ni vema. Lakini naona mara nyingi tumehamisha tu lile rundo kutoka mezani kwenda kwenye kioo. Kurasa ni zile zile, na asiyezielewa bado anaweza kujificha ndani yake. Marehemu hakuanza na karatasi. Alianza na sikio, na karatasi zikapungua zenyewe, kama maneno yanavyopungua kati ya watu wanaoelewana. Mhadhiri aliyemsikiliza mwanafunzi akiisema kazi yake hana haja ya rasimu nne. Darasa linalojua kwamba litaulizwa ana kwa ana halihitaji kijitabu kila mtu na chake. Hilo linadai muda wa mwalimu, tena mwingi, na nadhani ndiyo sababu wengi wetu tulichagua fotokopi.

Basi, mwalimu mwenzangu wa chuo unayesoma safu hii, usianze na masomo yako yote. Juma hili chagua kazi moja uliyokusudia wanafunzi wakuletee imechapwa. Mwite mmoja, mpe kiti, mwambie akueleze. Kisha nyamaza mpaka amalize.